Nakwenda Kutazama Minara

Jumatano, 2 Aprili 2025

Nimeamua. Nakwenda Bologna, Italia. Siku nane tu, maonyesho ya biashara ya Canton yakimalizika. Nakwenda kutazama minara.

Ndiyo, minara! Mtu kakaa Guangzhou miaka yote hii, kila siku ofisini jengo la Tianxiu na godauni, godauni na Tianxiu, hana haki ya kutalii? Wazungu wanakuja kwetu Zanzibar kutazama milango. Na mimi nikatazame ya kwao.

Zulekha nilipomwambia alicheka mpaka akaishika meza. Huyu ni shoga yangu, Mtanga, ofisi yake ya kusafirisha mizigo imepakana na yangu na hana siri duniani. Akasema: Bimkubwa, minara hiyo haina mimba kweli?

Nikamwambia atoke ofisini kwangu. Akatoka anacheka.

Basi niandike, maana hapa hakuna wa kunicheka. Mwanangu Dalila yuko Bologna. Alikwenda kusoma, akamaliza, akabaki. Mwaka jana akaolewa na Othman, Msomali, dereva wa basi wa huko huko. Ni mtu wa dini, wanasema. Sina neno naye. Neno langu ni hili: ami yake Maulid, ndugu wa marehemu baba yake, alipigiwa simu Unguja, akaulizwa, akaozesha kwa sababu yeye ndiye wali. Sawa. Na mimi niliyemzaa? Mimi nililetewa ujumbe wa sauti wa WhatsApp. "Mama, alhamdulillahi, nimeolewa." Nimeolewa! Imekwisha hiyo. Hakuna mshenga aliyekuja, hakuna aliyeniuliza, hakuna aliyeniletea mkaja.

Mkaja kwangu si pesa. Mkaja ni kile kitambaa nilichofungwa tumboni nilipomzaa yeye. Binti akiposwa, mama hupewa mkaja wake. Maana yake watu wanajua huyu bibi harusi katoka tumbo gani. Ndivyo alivyopewa mama yangu, na mama yake.

Nikasusa. Mpaka leo nimesusa.

Na mtu aliyesusa habembelezwi kwa simu. Watu huja, hukaa, husema. Mwezi wa kwanza Dalila kaniandikia kwamba ana mimba. Sikujibu. Kila Ijumaa hunitumia picha ya maua, "Ijumaa Mubarak Mama". Sijibu. Nayatazama lakini. Sijafuta hata ua moja.

Mtoto anatarajiwa katikati ya mwezi wa tano. Uzazi wa kwanza! Nani atamkanda maji ya moto? Nani atampikia uji wa pilipili manga? Othman na basi lake? Mtu hukaa na mzazi siku arobaini. Mimi nina nane. Nitazibana hizo arobaini zienee.

Lakini sikualikwa. Kwa hiyo nakwenda kutazama minara, na nikipita mlangoni kwake nimepita tu.

Alhamisi, 3 Aprili

Pius kaja baada ya darasa kunisaidia mambo ya viza. Ni kijana wa Bukoba, anasoma shahada ya udaktari wa mambo ya umeme hapa, na Kichina chake kinanyooka kuliko changu cha sokoni. Malipo yake ni biriani. Kala sahani mbili, kafungua kompyuta.

Akasema: Mama Dalila, wanataka ratiba ya kila siku. Siku ya kwanza unafanya nini?

Mama Dalila! Mtaa mzima wa Xiaobei ndivyo wanavyoniita. Wateja, Wakongo wa ghorofa ya chini, hata mlinzi wa Kichina. Mwaka mzima kutwa naitwa kwa jina la mtu nisiyesema naye. Sijui nimewezaje.

Akanionyesha picha. Mji mwekundu, mapaa ya vigae, kama umechovywa kwenye mchuzi. Karibu kila barabara ina baraza lililoezekwa, nguzo na nguzo, unatembea mvua inanyesha na hurowi. Nikamwambia mbona hata hapa mitaa ya zamani iko hivyo, maduka yamerudi nyuma, ghorofa imekufunika. Pius akasema kweli, hakuwahi kufikiri. Mimi nilikuwa nafikiri jambo jingine: mwenye tumbo kubwa anaweza kutoka siku ya mvua asiteleze. Nikafurahi. Watu wa mji ule wana akili.

Minara mirefu miwili iko katikati ya mji. Mmoja umeinama. Pius akasoma, akaanza kucheka: Mama Dalila, huo ulioinama umezungushiwa uzio, unahofiwa kuanguka. Nikamjibu mnara hutazamwa kwa mbali. Akaandika: siku ya kwanza, minara. Siku ya pili, chuo kikuu cha kale kuliko vyote Ulaya.

Hicho nakijua. Siku yake ya kwanza Dalila alinipigia kwa video akanizungusha humo, kavaa koti jeusi nililomnunulia soko la Shahe. Koti limemfika magotini. Alikuwa anatetemeka kwa baridi na hafungi mdomo kwa maneno.

Hoteli nimechagua mwenyewe. Pius akauliza mbona iko mbali na minara. Nikasema nataka utulivu.

Kisha akauliza, vidole juu ya kompyuta: una ndugu au mtu wako yeyote Italia?

Andika hakuna.

Akanitazama. "Mama Dalila…"

Andika!

Akaandika. Nikamfungia na biriani ya kesho.

Ijumaa, 4 Aprili

Leo Wachina wanazuru makaburi yao, Tianxiu nusu imefungwa. Mvua. Unyevu wa majira haya nao! Kuta zinatoka jasho, vigae vya sakafu vimelowa kama mtu kapiga deki akasahau kukausha. Nguo nilizofua Jumanne bado mbichi.

Nimeswali Ijumaa. Nimerudi, nimekula, nimelala kidogo.

Ua halikuja.

Si kwamba nilikuwa nangojea. Simu ilikuwa mezani, na mimi nilikuwa hapo hapo mezani. Kule wako nyuma yetu kwa saa, kwa hiyo labda baadaye.

Jumamosi, 5 Aprili

Halikuja. Labda kaishiwa bando. Nimemuuliza Pius kama Italia watu huishiwa bando. Kasema: Mama Dalila, kule wana intaneti nyumbani.

Sikumuuliza ili anijibu hivyo.

Jumatatu, 7 Aprili

Asubuhi sokoni, tangawizi. Pilipili manga ninayo ya Zanzibar, na mdalasini, na udi. Kisha soko la vitambaa la Zhongda kutafuta bafta nyeupe ya pamba kwa ajili ya mkaja. Ndiyo, mkaja. Nani mwingine atamfunga? Asipofungwa vizuri tumbo halirudi, na mgongo utamuuma mpaka uzeeni.

Jamani, soko kubwa vile na pamba tupu hakuna! Kila ninaposhika ni polyester. Polyester kwenye tumbo la mzazi? Mtume! Na wakisikia nataka mita tatu wananipungia mkono, wao huuza kwa robota.

Mwisho nikaenda kwa Laobanniang Chen, bibi mwenye duka. Huyu mama ndiye aliyeniuzia vitambaa vyangu vya mwanzo kabisa, tumezeeka pamoja kwa kukatana bei. Akaniletea bafta laini, nikaipitisha shavuni, ndiyo yenyewe. Nikamwambia mita tatu. Akacheka. Mwaka jana umechukua kontena, leo mita tatu? Kisha akaona mfuko wa tangawizi uliojaa. Akatazama kitambaa. Akatazama tangawizi. Akajishika tumbo lake mwenyewe akaninyooshea kidole: binti?

Nikamwambia natalii. Nakwenda Italia kutalii.

Alicheka mpaka akamwita jirani yake wa duka la pili. Wakanieleza kwa Kichina, kwa mikono, kwa kila kitu: hata wao mzazi hukaa ndani mwezi mzima, maji baridi hagusi, na hupikiwa tangawizi kwenye siki nyeusi. Nikasema sisi arobaini. Wakashika vichwa kwa heshima. Arobaini! Nikajisikia fahari kama nimeitunga mimi.

Laobanniang akapima mita tatu, kisha akavuta na ya nne. Mwanamke akitoka kuzaa, kasema, si mwembamba. Hiyo ya nne kakataa malipo.

Njiani nilikuwa na furaha, sijui hata kwa nini. Kisha nikakumbuka hakuna aliyeniita.

Jumanne, 8 Aprili

Kituo cha viza, mimi na Pius. Siku mbaya.

Binti wa dirishani ni Mchina mdogo, miwani mikubwa, mpole. Akasoma ratiba yangu yote. Akafungua ramani. Akauliza: hoteli hii iko mlangoni pa hospitali kubwa. Wewe mgonjwa?

Nikasema mimi mzima kama chuma.

Akauliza: mbona basi kila siku unarudi huko mchana? Watalii hulala karibu na minara.

Pius akaanza kukohoa. Ratiba kaandika yeye, lakini mimi ndiye niliyemwambia aache saa za mchana wazi, nirudi nipumzike. Hospitali ile ndiyo Dalila atakayojifungulia. Alitaja kwenye ule ujumbe wa mwezi wa kwanza. Nilidhani nimeficha vizuri! Kumbe nimejichora kwenye ramani.

Akauliza: una mtu Bologna?

Nikasema meiyou. Hakuna. Neno la sokoni hilo, wauza viatu wa Liuhua hulitupa bila kuinua macho. Na mimi nililitupa vivyo hivyo.

Nimesema sina mtu.

Binti hakunikemea. Akanirudishia makaratasi yangu kwa mikono miwili. Akamwambia Pius: ukiyapeleka hivi watadhani anakwenda kutibiwa, watamkatalia. Kama ana mtu, alete barua yake ya mwaliko. Kama hana, abadilishe hoteli. Njooni wiki ijayo.

Nje Pius akauliza kwa sauti ndogo: Mama Dalila, tubadilishe hoteli?

Hoteli haibadilishwi!

"Basi ni barua ya mwaliko."

Mwaliko! Mama amuombe mwanawe mwaliko! Kwetu mama haalikwi. Mama huwasili, akakuta kitanda kimetandikwa, na asipokikuta anauliza kwa nini.

Jumatano, 9 Aprili

Wateja wa Dar wameanza kushuka kwa ajili ya maonyesho. Hoteli, viwanda, gari. Mmoja anataka jenereta, mmoja hajui anataka nini.

Zulekha kapita mlangoni anaimba ile ya kwenye kanga: ukisusa, wenzio twala. Hiyo kanga ninayo. Niliinunua mwenyewe nimvalie mtu mwingine.

Ijumaa, 11 Aprili

Ua halikuja tena. Ijumaa ya pili.

Saa nane Zulekha kaingia ofisini akafunga mlango. Zulekha! Mtu ambaye hata akisema siri mlango uko wazi. Nikajua kuna jambo.

Othman kampigia simu yeye. Dalila kalazwa tangu Jumatano. Presha imepanda, miguu na uso vimevimba. Madaktari wanamwangalia, na isiposhuka watamtoa mtoto mapema, huenda kabla mwezi huu haujaisha.

Nikasema ndiyo maana maua hayaji. Mgonjwa atashikaje simu?

Zulekha akavuta kiti. Kisha akasema: hapana shoga. Simu anayo mkononi kutwa. Siku ya Idi alingojea umpigie. Alikaa nayo tangu asubuhi, kavaa, kajipamba. Hukupiga. Jioni akamwambia mumewe basi, nimechoka kutuma maua kwa ukuta.

"Kasusa," akasema Zulekha.

Mtume wangu! Kasusa!

Kwanza nilipandwa na hasira. Mtoto anamsusia mama? Wapi kaona? Na hapo hapo nikajua kaona wapi. Mwana hutazama kisogo cha nina. Alipokuwa na miaka sita nilimnyima kitu, akakaa chini ya meza, kageukia ukuta, hali chakula mpaka aje mtu amvute mguu. Nani aliyemvuta? Mimi. Nilikuwa naingia chini ya meza na sahani.

Nimelia mbele ya Zulekha, na yeye kalia. Kisha tumenawa kwa sababu kuna mteja nje.

Naogopa. Naiandika kama ilivyo. Presha ya mimba ilimchukua dada yangu. Sitaki kufikiri zaidi.

Jumapili, 13 Aprili

Leo yamenikuta makubwa.

Mchana hodi. Nafungua: Zulekha kavaa buibui jipya, kanukia udi mpaka ngazini. Nyuma yake Pius, kanzu ya kuazima imemfika chini ya magoti, suruali ya jinzi inaonekana, na kofia ya vito imekaa upande. Katoka misa ya Kanisa la Mawe moja kwa moja! Mkononi kabeba sinia lililofunikwa.

Nikauliza kuna nini. Zulekha akanikata: leo mimi si shoga yako. Tumetumwa.

Wakakaa ukingoni mwa kochi kama watu wasio wenyeji. Zulekha akakohoa akaanza: tumekuja kwa heshima, tumetumwa na Othman, mume wa binti yako, kaomba tukae mbele yako kwa niaba yake, maana yuko mbali na mkewe hawezi kumwacha. Kisha akamkonyeza Pius. Zamu yake. Kijana kasimama, kakariri: tunaomba radhi kwa kilichopungua, na tumeleta kilicho… kilicho… Kimempotea. Akamalizia kwa Kiingereza! Mhaya naye!

Nilitaka kuangua kicheko. Lakini anayebembelezwa hacheki, niliuma shavu kwa ndani mpaka nikaonja damu.

Kwenye sinia: doti ya kisutu, ile kanga ya harusi, mpya, imekunjwa na asumini za bandia juu yake, maana asumini mbichi hawakupata. Mkaja wangu. Othman kamtaka Zulekha atafute kisutu halisi, si cha hapa. Kakipata kwenye mzigo wa mama mmoja wa Unguja.

Kisha wakampigia Othman, nikamsikia. Sauti ya pole, Kiswahili cha Mombasa alikokulia. Kasema: Mama, kwetu pia mama hupewa chake. Nilimuuliza Dalila kabla ya nikaha. Akaniambia mamangu ni mfanyabiashara, yuko China, ana makontena, hana mambo hayo. Nami nikamsikiza. Nisamehe.

Hana mambo hayo! Kwa hiyo hakunidharau. Alidhani mama mwenye makontena hahitaji kitambaa. Mtoto aliyeniona maisha yake yote nabeba, napanga bei, nasukuma, angejuaje kwamba nataka kitu kidogo vile?

Nikasema: nimesikia. Mara ya kwanza husemwa hivyo tu. Zulekha anajua, hakulazimisha. Lakini chakula niliwapa. Pius alikuwa anatazama jikoni tangu alipokaa.

Walipoondoka nimekigusa kisutu. Nimekiweka usoni. Nimelia tena, lakini kilio cha leo kilikuwa chepesi.

Yangu imekwisha. Sisusi tena. Yake je? Mshenga gani hutumwa na mama kwenda kwa mwanawe?

Jumatatu, 14 Aprili

Kutwa nimeandika na kufuta. "Mwanangu." Nimefuta. "Hujambo." Nimefuta, kwani sijui hajambo? Kurekodi sauti nimejaribu, ikatoka sauti ya kudai deni la mteja.

Nikaacha simu nikashika kazi. Nimechana ile bafta ya Laobanniang, nimeipinda kingo kwa mkono, maana mshono wa cherehani humuumiza mzazi. Nimeifua kwa maji ya moto, nimeipiga pasi mpaka ikakauka, kwa unyevu huu pasi ndiyo jua letu. Nimeutandaza mkaja kitandani, mrefu, mweupe, ukaenea kitanda chote na kushuka sakafuni.

Nikaupiga picha. Nikaituma. Sikuandika hata herufi.

Tiki mbili za bluu papo hapo! Simu ilikuwa mkononi mwake kweli.

"Anaandika…" Kisha hakuna.

Nimeswali alasiri. Narudi: "anaandika…" Kisha hakuna. Nimefagia chumba ambacho ni kisafi. Nimeiambia simu: hebu sema basi, mtoto wewe!

Ikasema.

"Umeukata urefu gani? Nimenenepa, Mama."

Nilikaa kitandani juu ya mkaja wenyewe. Nimecheka, machozi yananitoka, nimeukunja upande mmoja. Nikamjibu: mita nne. Mama wa kitambaa kaongeza.

"Anti Zulekha kasema unakuja kutazama minara."

Nikamwambia mmoja una uzio.

"Nimesikia hivyo pia." Na kauso kanakocheka.

Ikabidi niseme. Vidole vizito. Nikaandika kwamba hawa wa viza wanataka barua ya mwaliko.

Akajibu hapo hapo: "Mwaliko wa nini? Wewe si mama yangu?"

Maneno yangu yale yale! Nilitaka kuwapelekea kituo cha viza wayasome. Kisha akaandika Othman yuko hapa, anaanza kuandika barua sasa hivi, na nesi kaja na mashine ya presha, tutaongea.

Hatujaongea bado. Sauti yake sijaisikia. Lakini nimeandikiwa Mama mara mbili, na si kwenye picha ya maua.

Jumatano, 16 Aprili

Naandikia hapa kituoni, kwenye kiti cha plastiki. Watu wengi. Pius kaenda kupiga kopi.

Maonyesho yamefunguliwa jana na mimi sikwenda. Wateja wangu wote nimempa Zulekha, yule wa jenereta na yule asiyejua anachotaka. Kaniambia: twala, shoga. Kisha kanikumbatia.

Barua ninayo. Imeandikwa na Othman, kasaini Dalila kwa mkono wake, saini inayumba kidogo, kaandikia kitandani. Pale pa uhusiano pana neno la Kitaliano. Pius kaniambia maana yake ni binti. Nimelitazama sana.

Presha haijashuka. Usiku wa kule hakulala, kichwa kinamuuma. Madaktari wanakutana kesho. Viza hii, wakipenda, huchukua wiki mbili. Wasipopenda, zaidi. Nimemuuliza Pius nani atatangulia, viza au mtoto. Kashika mkono wangu tu. Na mimi nimemwacha ashike.

Sanduku liko tayari nyumbani. Mkaja juu kabisa, kisutu chini yake, tangawizi kando. Nimemweleza Othman kwa sauti jinsi ya kukanda, kama itabidi: maji ya moto lakini mkono uyavumilie, kitambaa kikamuliwe, kuanzia kiunoni kushuka. Kaniuliza moto kiasi gani. Sikuweza kumweleza. Hilo mtu huonyeshwa, huwekewa mkono wake ndani ya maji.

Alfajiri simu ililia. Ua! Waridi jekundu, "Ijumaa Mubarak Mama". Leo Jumatano.

Nikamwandikia: mwanangu, leo Jumatano.

"Najua. Sitaki kungoja Ijumaa."

Ya Rabi! Nimeisoma mara nyingi na kila mara inanishika pabaya. Nikatafuta ua simuni mwangu. Sina hata moja, sijawahi kumtumia mtu maua. Nikamrudishia moja lake, la kwanza kabisa, la mwaka jana. Akajua. Kaandika: kumbe uliyaweka.

Yote, nimemwambia.

Wameita namba yangu. Pius huyu anakuja mbio na makopi yake. Binti wa dirishani ni yule yule wa miwani, kanikumbuka, anatabasamu. Kalamu naiweka. Akiniuliza tena nina nani Bologna, jibu ninalo mkononi.